Nataka kurekebisha ramani ya huku kwetu Malaba, nianzie wapi?

Swali: "Habari kaka. Mi naendesha boda hapa Malaba upande wa Uganda, mwaka wa sita sasa. Karibu kila wiki naona madereva wa malori wameingia kanjia fulani ka murram juu simu imewaambia ni shotikati, wakifika kwa kadaraja kadogo wanakwama, wanarudi nyuma kwa rivasi na trela nzima, watu wanapiga kelele. Nimesikia mtu wa kawaida anaweza kurekebisha ramani mwenyewe. Nina simu ya Androidi, na Jumapili binamu yangu ananiachia laptopu yake. Kompyuta sijasomea. Nianzie wapi, na nikiharibu itakuwaje? Alafu kuna malipo?"

Jibu: Nzuri mdogo wangu, na pole na kazi ya jua. Naanza na swali lako la mwisho juu ndilo fupi: malipo hakuna. Ni kazi ya kujitolea, unatoa muda wako na bando lako, na mtu akikuambia atakulipa kwa kila barabara ila kwanza umtumie pesa ya kujiandikisha, huyo ni mwizi, achana naye. Kujiandikisha ni bure. Mimi nilianza 2016 nikiwa Tororo, nachora mtaa niliokuwa nimepanga, na mpaka leo sijatoa shilingi zaidi ya bando na umeme wa kuchaji.

Sasa kabla hujagusa kitu chochote fanya jambo moja ambalo wengi wanaliruka. Lori likikwama tena pale, msaidie dereva kutoka, alafu muombe kwa heshima akuonyeshe ni programu gani imemleta. Juu ramani za kwa simu siyo moja. Kama ni Google Maps, hiyo ni ya kampuni, unatuma pendekezo ndani ya programu yenyewe na wao ndio wanaamua kukubali au kukataa. Kama ni Waze, hiyo nayo inarekebishwa na watu wa kujitolea, unaingia kwa kompyuta, unaanza ngazi ya kwanza na mwanzoni unaruhusiwa kugusa sehemu ulizopita ukiwa umeiwasha, ngazi inapanda kadiri unavyofanya kazi, lakini mwenye mali ni Google toka walipoinunua Waze 2013. Kama ni OsmAnd au Organic Maps, na madereva wa safari ndefu ninaowajua wanazipenda hizi juu zinaenda bila mtandao, basi ramani yake inatoka OpenStreetMap. Hiyo ndiyo nitakuelezea, juu ndiyo naijua, na juu ukiirekebisha ile data inabaki ya watu wote. Ila uliza kwanza. Ukirekebisha OpenStreetMap wakati madereva wanaokwama wote wako na Google, wiki ijayo watakwama tena na wewe utavunjika moyo bure.

OpenStreetMap ilianzishwa 2004 na Muingereza mmoja, Steve Coast, wakati data za ramani za nchi yao zilikuwa zinauzwa ghali, akaona watu wajichoree wenyewe. Inafanana na Wikipedia: mtu yeyote mwenye akaunti anaingia, anaongeza, anasahihisha, na kila alichofanya kinabaki kwenye historia. Baada ya tetemeko la Haiti Januari 2010 watu wa nchi mbalimbali walikaa kwa kompyuta wakachora Port-au-Prince ndani ya siku chache, waokoaji wakaitumia, na toka hapo kazi ya kuchora kwa ajili ya maafa ikakua mpaka ikafika kwetu, hadi makazi ya wakimbizi kama Bidi Bidi kule Yumbe. Na Uganda siyo wageni kabisa: mkutano wa kwanza wa State of the Map Africa, yaani wa wachoraji wa OpenStreetMap wa Afrika, ulikuwa Kampala, mwezi wa saba 2017, na Makerere kuna wanafunzi wenye kikundi chao cha kuchora.

Lakini sehemu kubwa ya vijijini kwetu imechorwa na mtu aliyekaa mbali, anaangalia picha ya setilaiti. Anaona paa, anaona mstari wa udongo mwekundu, anauchora. Namshukuru, juu bila yeye pangekuwa peupe. Ila hawezi kujua kama huo mstari lori linapita au ni boda tu, kama mvua za mwezi wa nne zikianza unakatika, kama lile paa refu ni shule au ni stoo ya mahindi. Mashine ndiyo kabisa. Mwaka 2019 Microsoft walitoa michoro ya karibu nyumba milioni 18 za Uganda na Tanzania, kompyuta ndiyo ilizitambua kwenye picha za juu, na katika zote hizo hakuna hata moja inayokuambia hapa ni kliniki, hapa panauzwa mafuta. Wewe na miaka yako sita ya boda unayajua hayo yote usiku na mchana, kwa mvua na kwa jua.

Nadhani hata kanjia kako kalichorwa hivyo hivyo. Mtu aliona mstari mnene, akaupa cheo cha barabara ya kawaida, hakuandika ni udongo au lami, kadaraja hakukaona juu miti imekafunika. Mashine ya kutafuta njia ikikuta mstari mfupi usio na maelezo yoyote, inahesabu ni barabara nzuri. Imemwambia dereva kile ilichoambiwa.

Wiki ya kwanza acha laptopu kabisa. Fungua akaunti kwa openstreetmap.org, weka imeili ambayo unaifungua kweli juu watu watakuandikia, na jina la akaunti chagua ambalo huogopi lionekane, maana linaonekana na kila mtu pamoja na sehemu unazochora. Alafu weka StreetComplete kwa simu. Hiyo programu inakuuliza maswali ya mahali ulipo: barabara hii ni lami au ni udongo, duka hili linafunguliwa saa ngapi, hapa kuna taa usiku. Unajibu ulichokiona kwa macho, inatuma yenyewe kwenye ramani. Ni vigumu sana kuharibu kitu nayo, ndiyo maana napenda mtu aanzie hapo. Ukiwa steji unangoja abiria unajibu matatu manne, wiki inaisha umejibu hamsini bila kuhisi. Ila simama! Usijibu pikipiki ikiwa inatembea, hakuna ramani ya thamani hiyo. Na kitu ambacho simu haikuwezeshi kukirekebisha, kiachie noti pale pale kwenye ramani, andika kwa Kiswahili au Kiingereza chochote: "hapa daraja limevunjika, boda tu wanapita". Jumapili utazikuta zinakungoja, au mwingine atakuwa ameshazifanyia kazi.

Jumapili sasa, laptopu. Unaingia openstreetmap.org, unajisogezea mpaka Malaba, unabofya sehemu ya kuhariri, inafunguka programu inaitwa iD ndani ya brauza hiyo hiyo, hakuna kitu cha kuweka kwa mashine. Mara ya kwanza itakuuliza kama unataka mafunzo. Kubali. Mafunzo yenyewe yanakupeleka mji mdogo wa Marekani unaitwa Three Rivers, jimbo la Michigan, na hakuna unachofanya pale kinachohifadhiwa, kwa hiyo futa, vunja, hamisha barabara yao vyote unavyotaka mpaka mkono uzoee. Vitu vya kuchora ni vitatu tu: nukta, mstari na eneo. Steji au kisima cha pampu ni nukta, barabara au mto au reli ni mstari, nyumba au uwanja wa soko ni eneo. Mengine yote ni maelezo unayoyabandika juu ya hivyo vitatu.

Alafu sikiliza hapa vizuri, hapa ndipo penyewe. Wewe ukiangalia skrini unaona mistari miwili imegusana, unasema barabara zimekutana. Kompyuta haitazami hivyo, yenyewe inatafuta nukta, yaani vile vitone vinavyounda mstari wenyewe. Ile murram inayotoka sokoni ikaingia barabara kuu lazima ishike nukta moja na barabara kuu, nukta ile ile, siyo mbili zimekaa jirani. Kuza picha mpaka mwisho kabisa utaona mambo: mstari wa murram umeishia nusu mita kabla ya lami. Kwa jicho la mtu zimegusana, ila kwa kompyuta hapo ni kama kuna ukuta, na itamzungusha mtu kilomita nzima kumtafutia mlango mwingine. Dawa yake ni kushika ile nukta ya mwisho, unaivuta taratibu mpaka juu ya mstari wa lami, unaona inashikwa, unaachia. Sasa jaribu: isogeze kidogo. Kama mistari yote miwili inacheza pamoja, imeungana, rudisha hatua hiyo moja nyuma na uendelee. Kama ni mmoja tu unacheza, bado. iD yenyewe siku hizi inatoa onyo ukikaribisha barabara mbili bila kuziunganisha, usilipuuze lile onyo. Na kinyume chake: barabara ikipita juu ya nyingine kwa daraja, kama zile sehemu za Northern Bypass ya Kampala, usiweke nukta moja pale, utakuwa unamwambia dereva akate kona angani.

Nakuambia hili kwa uchungu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nanyoosha barabara kuu, ilikuwa imechorwa imepindapinda, nikakuta nukta inaonekana haina kazi, nikaifuta. Kumbe ndiyo ilikuwa inashika njia ya kuingia hospitali moja ya huku kwetu. Siku tisa ile njia ilikuwa imekatika kwenye ramani na mimi nalala usingizi. Mtu wa mbali, hatujawahi kuonana, akaniandikia kwa upole chini ya mabadiliko yangu, akauliza kama hiyo njia imefungwa kweli. Nilirekebisha dakika hiyo hiyo lakini bado nafikiria, kama kuna mtu alikuwa na mgonjwa usiku mmoja katika hizo tisa na anafuata simu. Toka siku ile sifuti nukta kabla sijaibofya nione imeshika nini na nini.

Turudi kwa kanjia kako. Utajaribiwa kufanya moja kati ya mambo mawili: kukafuta kabisa, au kubandika marufuku ya malori. Usifanye. Ukikafuta, boda na watu wa miguu wamepoteza njia ambayo ipo, na mwezi ujao mtu wa mbali atakaona tena kwa picha atakachora upya na cheo kile kile. Ukibandika marufuku wakati hakuna kibao wala amri yoyote, umeandika uongo ili mashine ikutii, na siku dereva halali anapeleka saruji nyumba ya jirani yako ramani itamkatalia. Sheria ya hii kazi ni moja: andika kilichopo ardhini.

Na kilichopo kinatosha, utaona. Andika uso wake ni udongo. Andika hali yake, kuna kipimo cha kuanzia laini mpaka mbaya isiyopitika. Pima upana kwa kamba pale panapobana, kama ni mita tatu andika 3. Alafu kadaraja: kata mstari kwa alama ya mkasi pale daraja linapoanzia, kata tena linapoishia, kile kipande cha katikati ndicho unakipa alama ya daraja na upana wake. Kama pana kibao cha tani, andika tani zilizo kwenye kibao na ukipige picha ubaki nayo. Kama hakuna kibao usikadirie tani kwa kichwa, acha upana na hali ya uso viongee. Mwisho angalia cheo. Kama kanjia kamepewa cheo cha barabara ya kuunganisha senta na senta wakati ni njia ya kupitia nyuma ya nyumba za watu, kishushe mpaka kinapostahili, na uandike kwa nini umekishusha.

Hapo utakuwa umefanya kazi ya ramani yote. Itabaki ya dereva. OsmAnd ina mpangilio wa lori, anaingiza uzito na urefu wa kwenda juu wa gari lake na inamtafutia njia kwa hizo, ila lazima auwashe. Organic Maps yenyewe inamhesabia kama gari dogo. Kwa hiyo ukikutana nao pale kwenye foleni ya mpakani, waelezee, wengi hawajui na watakushukuru.

Kuhusu vyeo niongeze kidogo juu ndiyo ugomvi mkubwa wa wageni wa hii kazi. Mtu akianza anataka kupandisha kila barabara ya kwao. Kwa Afrika cheo kinafuata umuhimu wa barabara, hakifuati lami. Murram inayounganisha miji miwili inabaki na cheo kikubwa hata ikiwa vumbi tupu, na vumbi linaandikwa mahali pake pa uso. Na ile barabara kubwa inayotoka kwenu kupitia Bugiri, Iganga, Jinja mpaka Kampala, cheo chake usikiguse bila kuuliza wenzako, mstari mmoja ule unategemewa na kila mzigo unaopanda kutoka Mombasa. Barabara mpya ndizo zinahitaji jicho. Daraja jipya la Jinja lilipofunguliwa 17 Oktoba 2018 ilibidi mtu akae aligeuze kwenye ramani kutoka "linajengwa" kuwa barabara inayopitika, aweke njia mbili kila moja na mshale wake. Hakuna kitu kinachojigeuza chenyewe. Na mishale uiangalie sana, sisi tunaendesha kushoto, raundabauti zetu zinazunguka kama mshale wa saa, na nimeshaona mtu wa nchi za kulia ametuchorea kinyume.

Picha ya setilaiti usiiamini kama macho yako. Imelazwa juu ya dunia iliyo na mabonde na milima, saa zingine imesogea mita kadhaa, na huku miteremko ya Elgon, Mbale na Bududa, upande mmoja wa kilima unaweza kuwa sawa na upande wa pili umesogea. Kwa hiyo rekodi njia yako. OsmAnd inaweza kurekodi mwendo wako wote, unasubiri GPS itulie kwanza dakika moja mbili mahali pa wazi, alafu unaendesha kawaida, kwenda na kurudi, siku mbili tofauti ikiwezekana. Simu ya kawaida pakiwa wazi inakosea kama mita 5 hivi, kwa hiyo mstari mmoja usiufuate kama kamba, angalia katikati ya mistari kadhaa. Ukiingiza ile rekodi ndani ya iD unaona kama picha imekaa juu ya njia zako au imeenda pembeni, ikienda pembeni unaisogeza picha, husogezi barabara. Wewe na boda yako unapita njia zile zile mara ishirini kwa siku, hakuna mtu anaweza kukushinda kwa hili.

Kitu ambacho hakina msamaha ni kunakili. Usifungue Google Maps pembeni ukasoma jina la barabara ukaliandika kwetu, hata moja. Ile ni mali ya kampuni, ina masharti yake, na ikigundulika kazi yako inafutwa yote pamoja na ile safi. Ramani ya karatasi iliyochapishwa nayo vilevile mpaka ujue mwenyewe ameruhusu. Picha za setilaiti za Bing na Esri zinazotokea ndani ya iD zina ruhusa ya kuchorea. Na kinachotoka kichwani mwako, na kwenye kibao ulichosimama mbele yake ukakisoma, hicho ni halali kabisa, hicho ndicho tunakitafuta.

Majina sasa, majina yanataka utulivu. Huku mpakani mahali pamoja Waiteso wana lao, Wajopadhola wana lao, na sisi wa steji tuna letu. Lililo kwenye kibao ndilo linaingia kama jina kuu, mengine yana nafasi zake kama majina mengine, na kuna nafasi ya kila lugha peke yake, usifute la wenzako kuweka la kwenu. Tahajia nayo: ukiingia upande wa Luganda, r inakuja baada ya e na i tu, kwingine ni l, sasa mtu akisikia jina kwa sikio akaliandika anavyolitamka yeye, anayelitafuta halipati. Muulize mwalimu au angalia kibao cha shule. Steji za boda zina alama yake kabisa kwenye OpenStreetMap, ziweke, na uziite zinavyoitwa. Nina steji moja naijua inaitwa Mwembeni na mwembe ulishakatwa zamani, umebaki kisiki cha kukalia, kila abiria bado anasema nipeleke Mwembeni. Basi ni Mwembeni. Ila majina ya watu kwenye nyumba zao usiandike, nani anaishi wapi siyo kazi ya ramani.

Umeuliza ukiharibu itakuwaje. Ukiharibu inarudishwa. Kila toleo la kila barabara limehifadhiwa, na kuna watu kazi yao ni kupitia mabadiliko ya wapya. Kitu cha kukulinda ni kile kisanduku unachoandika kabla ya kutuma. Wengi wanaandika "nimerekebisha" wanatuma. Andika kama unamwelezea mtu aliyesimama mbele yako: "Nimeweka daraja jembamba na upana wa njia nyuma ya soko la Malaba, nimepita mwenyewe tarehe fulani." Chini yake kuna sehemu ya kuweka tiki ukitaka mtu akukagulie, weka tiki miezi yako yote ya kwanza. Tuma kidogo kidogo, barabara moja au mbili kwa fungu, usikae saa nne unachora Malaba mpaka Mbale alafu utume kwa mkupuo, hapo hata mimi siwezi kukukagulia. Na mtu akikuandikia, mjibu, hata kama ni neno moja. Anayekaa kimya ndiye watu wanamshuku.

Na kwa vile uko mpakani nikuonye kama kaka. Kusimama na simu unapima daraja, unarekodi njia, karibu na forodha na askari, mtu anaweza kukuelewa vibaya haraka sana. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, muonyeshe ramani kwa simu, muonyeshe kijiji chake kilivyo kitupu, muelezee unachotaka kufanya. Mimi wa kwangu alinipa barua yenye mhuri na akanitajia visima vitatu ambavyo sikuvijua. Kambi za jeshi na ndani ya eneo la forodha usiende kurekodi, huna unachotafuta kule.

Ukituma, kwenye openstreetmap.org unaweza kuona mabadiliko ndani ya dakika chache ukikuza picha. Programu za simu zinachelewa, zinatoa ramani mpya kila baada ya wiki kadhaa na dereva lazima aipakue upya, kwa hiyo usishtuke lori likiingia tena mwezi huu. Mwambie asasishe ramani yake.

Jumapili hii fanya mafunzo ya Three Rivers mpaka mwisho, alafu kanjia kako peke yake, uso, upana, daraja, cheo, basi, funga laptopu. Jumatatu nitumie namba ya fungu la mabadiliko, inaonekana ukishatuma, nitaanza kuangalia kale kadaraja kama pande zote mbili kameshika.